Fundi wa Mkonge na Maji ya Same

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Neno hilo ni kubwa kuliko mimi. Nitaandika tu yaliyotokea kati ya chanzo cha mlimani na mabomba ya mjini Same, tangu nilipoingia kazini hadi nilipokabidhi spana. Habari za vyeo na madaraja zimo kwenye faili langu masjala. Anayezitaka aende akasome, kama panya wamebakiza kitu.

Nilifika ofisi ya maji nikiwa na barua ya ajira kutoka chuo cha ufundi na begi moja. Karani aliinua macho akaniambia mashine ya chapa iko chumba cha pili. Nikamwambia sijui kupiga chapa. Aliisoma barua mara mbili, akaipeleka nje kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya bomba akinoa msumeno. Huyo ndiye Mzee Kanaeli, fundi mkuu wa bomba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, akasoma barua taratibu, kisha akatazama miguu yangu.

"Imeandikwa fundi," alisema. "Una viatu?"

Nikamwonyesha nilivyovaa.

"Hivyo ni vya kanisani, binti. Kesho njoo na vya shambani."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye hakuniuliza hata siku moja kama mwanamke anaweza kukaza nati ya inchi mbili. Alinipa spana, akageuka kushughulika na lake.

Kesho yake tulipanda mlima kufuata bomba, kutoka tangi la mjini hadi kwenye chanzo. Kwa ambao hamkuyakuta mambo ya zamani, mji ulikuwa ukinywa kutoka sehemu mbili. Maji ya mserereko yalishuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi huko juu, kwa bomba la chuma. Ya pili yalivutwa na pampu ya dizeli kutoka kisima kirefu tambarare, upande wa chini ya reli. Kiangazi kikikaza chemchemi ilipungua, na kisima ndicho kilichotuokoa. Kimoja kikiharibika mji ulichechemea. Vyote viwili vikiharibika, watu walianza kuitana majina mabaya.

Mzee Kanaeli alibeba nondo fupi. Kila baada ya mwendo aliisimamisha juu ya bomba na kuweka sikio kwenye ncha. Akanipa na mimi nisikilize.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Vizuri. Bomba zima halisemi. Likianza kukoroma, hapo pana tundu. Likipiga filimbi, hewa imekwama. Usichimbe kabla hujasikia. Jembe halina akili."

Tulipokaribia chanzo bomba lilipita ubavuni mwa nyumba moja ya udongo, hatua chache kutoka mlangoni. Bibi kizee alitoka, wakasalimiana na Mzee kwa Kipare. Mimi ni wa Shighatini, kwetu tunasema Kigweno, na lugha hizo mbili zinaelewana kama majirani waliogombana. Sikufuata walichozungumza. Mzee alichukua ndoo, akashuka korongoni, akarudi na maji, akayamimina kwenye mtungi. Alifanya hivyo mara mbili ndipo tukala ndizi tulizopewa. Niliona ni adabu za mlimani. Ilinipita kabisa kwamba maji ya mji mzima yalikuwa yakipita pembeni mwa mlango wake huku yeye akinywa ya korongoni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na malengelenge miguuni.

Kisha vita vya Uganda vikaisha na maduka yakawa matupu. Mmesikia habari za foleni za sabuni na unga wa njano. Sisi tulikuwa na foleni yetu, ya vipuri. Boliti moja ilitumika mpaka uzi ukaisha. Mipira ya ndani ya baiskeli ikawa gasketi, na palipotakiwa tepu ya kuzibia maungio tukasokota nyuzi za katani na kupaka rangi iliyobaki. Mzee Kanaeli alikuwa na kopo la maziwa alimotunza washa kuukuu, zile pete za kuweka chini ya nati, akazipanga kwa ukubwa kama mtu anayepanga shanga. Mtu akitupa kitu aliokota bila kusema neno. Kunyamaza kwake kuliuma kuliko karipio.

Katika kiangazi kibaya cha miaka hiyo pampu ya kisima ilianza kutetemeka. Tulipovuta mabomba juu tukakuta bushi za raba zinazoshika shafti zimelika, nyingine zimebaki utando. Tuliandika barua Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba zimeagizwa. Tukaandika tena. Zimeagizwa. Chemchemi ya mlimani ilikuwa imekonda, na hospitali ya mji ilikuwa ikiletewa maji kwa mapipa juu ya trekta. Muuguzi mmoja alikuja ofisini akasimama mbele ya mkuu wetu.

"Leo tumezalisha akina mama wanne kwa ndoo moja," alisema. "Kesho mtuambie tupunguze ndoo au tupunguze akina mama."

Mzee Kanaeli aliyekuwa mlangoni alirudi karakana, akafunga bushi moja kwenye gazeti, akaniambia, "Twende kwa watu wa mkonge."

Njia ya kwenda Makanya palikuwa na shamba la mkonge la mtu binafsi, mojawapo ya machache yaliyobaki mikononi mwa wenyewe. Tuliingia hadi kwenye korona, mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, ambao kelele zake zilikufanya uzungumze kwa mikono. Nyuma yake palikuwa na karakana, na humo tukamkuta fundi aliyeitwa Haule. Alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja kijana kukata mkonge kwa mkataba, manamba kama walivyoitwa, akajifunza kuendesha mashine ya kukereza vyuma kwa kumtazama mtu aliyemkuta. Tulipomkuta alikuwa na umri wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wa katani.

Alimwamkia Mzee Kanaeli, akafungua gazeti, akaigeuza bushi kwenye vidole.

"Raba ya namna hii sina," alisema. "Nikiwakerezea ya chuma itakula shafti, mtarudi mnalia. Inazunguka ndani ya maji muda wote?"

"Muda wote," Mzee akajibu.

"Basi nitajaribu mti."

Nilidhani sikusikia sawasawa kwa sababu ya korona. Mzee Kanaeli hakushangaa. Aliuliza tu, "Mti gani?"

"Mpingo. Lakini unywe mafuta kwanza, usije ukapasuka. Nani ana mafuta miaka hii?"

Mafuta ya kula wakati huo yalipatikana kwa kujuana. Mzee alifikiri kidogo, kisha siku iliyofuata akaniongoza hadi kwa Wamasai wa tambarare, akarudi na mkia wa kondoo mnene. Haule aliyeyusha mafuta yake kwenye sufuria, akatumbukiza vipande vya mpingo, akaviacha siku kadhaa. Ndipo akakereza bushi moja baada ya nyingine, akipima kwa kipimo chake na kisha kwa ukucha. Alituambia ukucha haudanganyi.

Siku ya kuziweka alikuja mwenyewe. Tulishusha mabomba kisimani kwa winchi ya mnyororo kuanzia asubuhi. Ilipowashwa mashine wote tuliisubiri itetemeke. Haikutetemeka. Maji yalitoka mekundu, kisha ya rangi ya maziwa, kisha maangavu. Haule aliyakinga kwa kiganja, akanusa, akanywa.

"Kondoo hasikiki," alisema, akaanza kukusanya zana zake.

Bushi zile za mpingo zilifanya kazi miaka mingi kuliko za raba zilizokuja baadaye. Nimefanya kazi na wahandisi wenye shahada kutoka nchi nne, na sijaona tena kazi iliyonivulisha kofia kama ile.

Meneja wa shamba hakutaka malipo. Alichotaka ni tawi la bomba hadi kwenye kambi ya wakata mkonge, ambako watu walikuwa wakichota bwawani pamoja na ng'ombe. Mkuu wetu alihangaika. Hakukuwa na kanuni iliyosema mali ya umma itunzwe na karakana ya mtu binafsi, wala iliyosema mtu binafsi apewe bomba kwa shukrani. Mwishowe aliandika mapatano: shamba litaitunza pampu, sisi tutapeleka maji kambini. Aliyaandika kwenye nusu karatasi, kwa kuwa karatasi nzima zilikuwa za waraka tu. Miaka mingi baadaye aliletwa mtaalamu kutufundisha kwa siku mbili maana ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi. Alikuwa na picha za ukutani na mishale. Nilimsikiliza kwa heshima. Sisi wetu ulienea kwenye nusu karatasi na ulifanya kazi.

Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa. Nilinunua tepu ya kuzibia maungio pale stendi, nikaishika mkononi kama mtu aliyeokota dhahabu. Lakini kilichotujaza sisi kiliwakausha wengine. Bei ya mkonge ilianguka, kamba za nailoni zikatapakaa, shamba likapunguza watu mpaka korona ikanyamaza. Haule hakurudi Songea. Alinunua ile mashine ya kukereza kama chuma chakavu, pamoja na rundo la mabomba yaliyolala nyuma ya korona, akafungua karakana yake Same, karibu na reli. Aliwachukua wenzake wanne waliopunguzwa naye.

Mzee Kanaeli naye alistaafu miaka hiyo. Alinikabidhi nondo yake na kopo la washa, akapanda kwao mlimani. Hatukumfanyia sherehe, alisema ana mahindi ya kupalilia.

Ndipo likaja agizo kwamba serikali haitaendesha tena kila kitu. Kisima, pampu na vioski vya kuchotea maji vipewe mwendeshaji binafsi, sisi tubaki na chanzo, mabomba makuu na usimamizi. Mwendeshaji wa kwanza alitoka mbali, akaja na kofia za plastiki zinazong'aa na gari lenye nembo. Alikuwa hodari sana kwenye mikutano. Mvua za kwanza zilipokwisha, mashine ilikuwa inatoa moshi na yeye hapatikani. Sitamtaja, na sidhani kama angejitambua.

Zabuni ikatangazwa tena, na Haule akaomba. Ofisini palichafuka.

"Manamba atuendeshee maji ya mji?" mwenzangu mmoja aliuliza kwenye kikao.

Mimi sikuwa msemaji wa vikao, lakini siku hiyo nilisimama. "Bushi zilizo kisimani sasa hivi alizitengeneza yeye," nilisema. "Amekuwa akituendeshea maji tangu hujaajiriwa."

Akapewa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Nami nikapewa kazi ya kumsimamia, adhabu iliyofichwa ndani ya heshima. Kila wiki nilipaswa kukagua pampu, vioski na daftari lake la matengenezo. Niliingia nikitafuta makosa, maana ndiyo kazi ya mkaguzi. Nilikuta mashine imefutwa, mafuta yamebadilishwa kwa wakati, na kila kilichovunjika kimeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi moja moja kama matofali. Kosa lake mwenyewe aliliandika pia. "Leo nimesahau kufungua vali ya hewa, kioski cha sokoni kimekaa saa mbili bila maji. Kosa ni la Haule." Sijawahi kuona daftari la serikali lenye sentensi kama hiyo.

Watu wa mji ndio waliokuwa wagumu. Walikuwa wamezoea maji ya bure, hata kama mara nyingi bure hiyo haikutoka bombani. Pale kioski cha sokoni Bi Zaituni, muuza maandazi, alitua ndoo yake mbele ya Haule.

"Maji kayashusha Mungu," alisema. "Wewe umeyapata wapi ya kuuza?"

Haule hakubishana. "Mama, Jumamosi una nafasi? Njoo kisimani nikuonyeshe. Waambie na wenzako."

Jumamosi hiyo alifungua mlango wa nyumba ya pampu. Walikuja wanawake wengi na wanaume waliokuja kuwatazama wanawake. Aliwaonyesha mashine, dizeli inakoingia, shafti inakoshuka, bushi kuukuu ya mpingo aliyokuwa ameihifadhi. Bi Zaituni aliomba kushika mkono wa kuwashia. Akauzungusha, ukamshinda. Akauzungusha tena, mashine ikakohoa na kuwaka, akaruka nyuma huku kanga ikimdondoka. Alisimama akihema, akiangalia maji yanavyopanda kwenye bomba la kioo.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe," alisema.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza wenzake kwenye foleni, na alifanya hivyo kwa ukali kuliko mfanyakazi yeyote wa Haule.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote niliyokutana nayo kazini. Mvua za vuli hazikuja, na za masika zikaja kama zinapita njia. Kisima kilishuka. Tulitegemea mlima, kwa kile kidogo kilichokuwepo. Asubuhi moja tangi la mjini likawa halipokei chochote. Nikachukua nondo, nikapanda kufuata bomba. Kila nilipotega sikio bomba lilikuwa kimya, kimya cha utupu sasa, ambacho ni tofauti kabisa na kimya cha bomba zima. Haule alifuatana nami. Miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua, lakini alikataa kubaki.

Kwenye vali kuu, chini kidogo ya chanzo, tulikuta watu wa kijiji wamekaa, kama arobaini hivi, wengi wao wanawake wenye majembe. Vali ilikuwa imefungwa na usukani wake haupo. Mbele alisimama Mama Nanzia, mkulima wa tangawizi, ambaye tangu siku hiyo nimemjua kama dada yangu.

"Karibuni," alisema. "Maji tumeyafunga sisi. Hatukujificha."

Nilimwambia mji una hospitali, una shule, una watoto.

"Na sisi tuna watoto," alijibu. "Bomba hili limepita mashambani kwetu tangu mimi sijaolewa. Tulilinda miti ya chanzo tulipoambiwa tuilinde. Tulihamisha mashamba tulipoambiwa tuyahamishe. Maji tunashuka kuyachota korongoni, na mwaka huu korongo limekauka. Mnataka tukae tuyasikilize yakipita?"

Na hapo ndipo nikamwona, amekaa nyuma juu ya jiwe, usukani wa vali umelala kwenye magoti yake. Mzee Kanaeli.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba, Namkunda. Vali usiwe na wasiwasi nayo. Nimeifunga mimi mwenyewe taratibu, na uzi nimeupaka grisi. Ningewaachia hawa wangeipiga nyundo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini? Ulipita hapa siku yako ya pili kazini. Yule bibi aliyekupa ndizi alikuwa mama yangu."

Nilikaa chini palepale. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa akipeleka maji mjini kwa bomba lililopita mlangoni kwa mama yake. Kila alipopanda kukagua, alimchotea ndoo mbili korongoni kwa mikono yake. Spana alikuwa nayo. Ujuzi wa kutoboa tawi alikuwa nao, angelitoboa kwa saa moja na hakuna ambaye angejua. Hakulitoboa, kwa sababu maji yalikuwa ya watu wote na yeye ndiye aliyeaminiwa nayo. Mama yake alifariki akinywa ya korongoni. Alipokuwa mtumishi alinyamaza. Alipokuwa mwanakijiji alifunga vali, na akaifunga kwa ufundi.

Nilishuka kutoa taarifa. Ofisini wapo waliosema tupeleke polisi. Wapo waliosema tuahidi bajeti ijayo. Mama Nanzia alikuwa ameahidiwa bajeti ijayo tangu enzi za chama kimoja. Haule, ambaye alikuwa ameketi pembeni kwa sababu mwendeshaji binafsi hakuwa mjumbe, aliomba nafasi.

"Mabomba yangu yale ya korona," alisema, "nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya vioski vya mtaa mpya. Yanatosha kutoa tawi pale kwenye chanzo hadi kijijini, na vituo vitatu vya kuchotea. Mtaa mpya watanisubiri. Mniruhusu niyapeleke mlimani."

Mkuu akamwuliza atapata faida gani.

"Nimepewa kuendesha maji," Haule alisema. "Yakifungwa naendesha nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na yule mzee aliniletea mkia wa kondoo."

Akamgeukia mkuu. "Lakini nina sharti. Wakubaliane na ofisi kwa maandishi. Kijiji kiwe na kamati, kamati iwe na ufunguo wa tawi lao na wa chanzo. Sitaki wapewe kama sadaka. Mtu aliyepewa sadaka halindi chanzo."

Mkuu akakubali, nami nikalibeba pendekezo hilo mlimani mimi mwenyewe. Mama Nanzia aliwauliza wenzake kwa Kipare, wakajadiliana mpaka jua likahama. Mwishowe Mama Nanzia akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Mzee akauweka usukani mkononi mwake, naye akanikabidhi.

"Fungua," alisema. "Tunawaamini wiki tatu."

Zilitutosha, ila kwa tabu. Kijiji kilipiga msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo hakuna aliye mkubwa wa kutoshika jembe. Walichimba mtaro kwenye miamba ambayo mimi ningeiombea baruti. Siku ya tatu lilipanda lori kutoka mjini, na juu yake Bi Zaituni na wanawake wa sokoni, wamekuja kubeba mabomba. Hakuna aliyewaagiza. Kila bomba lilibebwa na wanawake wanne, wawili wa mlimani, wawili wa mjini, wakifundishana nyimbo wasizozijua. Haule alichonga kwa mkono nyuzi za kukazia kwenye ncha za mabomba, ameegemea mti kwa sababu ya miguu. Mzee Kanaeli aliyaunganisha. Mimi, msimamizi, nilisokota katani.

Maji yalipofika kwenye kituo cha kwanza, Mama Nanzia alimpisha Mzee Kanaeli afungue bomba. Mzee alilifungua, akakinga maji kwa viganja, akanawa uso. Alikaa na viganja usoni muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Mapatano safari hii yaliandikwa kwenye karatasi nzima, tena nakala tatu: ofisi, mwendeshaji, kamati ya kijiji. Mkataba wa Haule ukaongezwa, na ukaongezwa tena, mpaka alipowaachia wale wenzake wanne. Mzee Kanaeli alikuwa mlinzi wa chanzo bila kuajiriwa hadi alipofariki. Nilihudhuria maziko yote mawili, ya Mzee mlimani na ya Haule tambarare, na kote nilikuta watu wengi kuliko nilivyotegemea kwa mafundi bomba.

Nimebakiza tukio moja, kisha niwaache mfanye kazi.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu kiangazi kilirudi kwa nguvu. Chemchemi ilipungua kiasi kwamba haikuweza kulisha kijiji na mji pamoja. Mkuu mpya, kijana mzuri lakini mgeni, aliandika barua ya kuwaomba wanakijiji wapunguze matumizi ili hospitali ipate. Aliigonga muhuri, akaniomba niipeleke kwa kuwa nafahamika huko. Nilipanda polepole, nikiyapanga maneno njia nzima. Kuwaomba watu hawa tena, baada ya yote waliyongoja, lilikuwa jambo la aibu, na nilijua hawakuwa na wajibu wa kukubali.

Nilimkuta Mama Nanzia, sasa bibi wa wajukuu, akianua tangawizi. Kabla sijaketi aliniuliza kama presha ya maji hospitalini imepanda.

"Kupanda vipi?" nikamwuliza.

"Tumefunga tawi letu tangu Jumapili. Tunafungua asubuhi tu, kidogo. Kamati ilikaa baada ya ibada." Aliendelea kuanua. "Hospitali wana wagonjwa, Namkunda. Sisi tuna miguu."

Barua ilikuwa mkobani mwangu. Sikuitoa. Nilimsaidia kuanua tangawizi mpaka ikaisha, nikashuka mjini na barua ile na muhuri wake.

Mkuu alikuwa akinisubiri mlangoni. Aliniuliza kama wamekubali.

Nilimwambia wamekubali kabla hatujawaomba.